Mfuko wa Upepo wa Longino

Usiku wa jana niliota nimening'inizwa kwenye mizani ya kliniki ya watoto, nimevalishwa ile kaptula ya turubai ya kupimia wachanga, miguu inaning'inia chini. Nina miaka arobaini na moja. Kaptula ilinitosha.

Sista Deodata, muuguzi wa zahanati yetu ya misheni, alisimama mbele yangu ameshika kadi ya kliniki.

"Abiria wote wanapimwa," alisema. "Ndege ndogo haibebi mtu kwa kukisia."

Hilo ni kweli hata nikiwa macho. Hapa kwetu, milimani juu ya Ziwa Nyasa, ndege inayotua kwenye uwanja wa majani wa misheni ni ya injini moja. Kabla hujapanda unapimwa wewe, unapimwa mzigo wako, anapimwa na kuku wako kama unaye. Aliyekuwa akishika mizani ni kaka yangu Longino. Alilinda uwanja ule miaka kumi na tisa. Alifyeka majani, alifukuza ng'ombe, alipima watu, alitunza mfuko wa upepo. Tulimzika Jumamosi, siku thelathini na nane zilizopita. Kwa hiyo sikushangaa kuona mizani imebaki bila mtu na imeanza kujisemea yenyewe.

"Kilo hamsini na sita," ilisema mizani. "Na neno moja."

"Neno gani?" Sista akauliza.

"Mimi napima tu. Sifungui mizigo ya watu."

"Lina kilo ngapi?"

"Arobaini."

Sista anaandika kwenye kadi. Ananitazama kwa juu ya miwani.

"Gaudensia, neno la kilo arobaini unalipeleka wapi?"

"Kwa Longino. Kuna kitu nataka kumwuliza."

"Kumwuliza au kumwambia?"

Mizani ikaongeza kilo mbili.

Nilichotaka kumwuliza Longino, Sista alikijua, kwa sababu ni yeye aliyeniletea. Longino aliumwa tumbo siku ya Alhamisi. Alfajiri ya Ijumaa, amelazwa zahanati, alikata roho. Sista alinieleza kwamba kabla maumivu hayajamziba kauli, kaka alisema maneno mawili: "Mwambieni Gaude." Hakumalizia. Msibani kila mtu alinimalizia kwa namna yake. Mwambieni Gaude nampenda. Mwambieni Gaude asilie. Mwambieni Gaude awalee watoto. Mimi nilishukuru, nikamwaga machozi, na sikuamini hata moja.

Nilitoka kliniki kwa mlango wa kabati la dawa, nikawa uwanjani.

Nguzo ilikuwa pale pale, mwisho wa uwanja, na pete yake ya chuma juu. Pete ilikuwa tupu. Mfuko wa upepo hufungwa hapo: kitambaa cha rangi ya chungwa, kipana mdomoni, chembamba mkiani. Upepo ukiingia mdomoni, mkia unanyooka kuelekea upepo unakokwenda. Rubani akiwa juu huutazama ndipo ajue ashukie upande upi, kwa maana ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo. Longino alikuwa akiwaeleza jambo hilo hata ng'ombe.

"Umeniletea nguo yangu?" nguzo iliuliza. "Leo siku ya arobaini niko uchi. Watoto wa shule wanapita hapa."

"Upepo uliuchukua," nilisema.

"Upepo upi?"

Nikaonyesha kwa kidole upande wa ziwani. Upepo ulikuwa umeketi kwenye majani hatua chache tu kutoka hapo, unatafuna bua.

"Mimi?" ulisema. "Mabati ya shule nimebeba mara mbili na sikukana. Kitambaa hicho sikukibeba."

"Labda umesahau."

"Dada, mimi huwa sirudi nyuma kuangalia nilichobeba. Lakini ambacho sikubeba nakijua."

Nikaondoka hapo kwa haraka, kama mtu aliyeitwa.

Ndege ilikuwa imesimama upande wa pili, imejifunga khanga kiunoni kama mama aliyekuja kusaidia kupika msibani. Rangi yake nyeupe ilikuwa imebanduka puani.

"Pole na msiba, mwanangu," ilisema.

"Asante, mama. Tumeshapoa."

"Hujapoa. Panda. Wewe ndiye rubani."

"Mimi niliishia kidato cha nne."

"Fizikia ulipata nini?"

"D."

"Inatosha. Hewa haiulizi cheti."

Nikapanda. Mahali pa injini palikuwa na cherehani yangu, ile ya miguu, na kile kipande cha sabuni ninachochorea vitambaa kikiwa bado juu ya meza yake.

"Injini yako iko wapi, mama?"

"Ndiyo hiyo. Alhamisi ile ilinizidi sauti. Nikaona afadhali niichukue."

Kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameketi mwanamume aliyevaa koti jeusi, anakula ugali na maharage kwenye sahani ya bati, bila haraka.

"Huyo ni Uzito," ndege ilinitambulisha. "Wako wanne wanaoamua kama tunaruka. Huyu yupo siku zote, hata tukisimama. Wengine watatu hawaji mpaka tuanze kwenda."

"Usinione mbaya," alisema Uzito. "Namvuta kila mtu chini kwa haki. Sista, ng'ombe, askofu."

"Na kaka yangu?"

"Kaka yako nilimpokea kwa mikono miwili. Wale vijana walioshika kamba kaburini walidhani ni wao waliomshusha. Walikuwa wananizuia tu nisimharakishe."

Akaendelea kula. Alikuwa na adabu, alitafuna amefunga mdomo.

"Kanyaga," ndege ikasema.

Nakanyaga cherehani. Gurudumu linazunguka, mkanda unavuta, na huko puani propela inaanza kuzunguka. Inaikata hewa na kuitupa nyuma, na sisi tunakwenda mbele.

"Huyo ndiye wa pili, Msukumo," ndege inasema. "Anatoka miguuni mwako. Ukichoka, naye amechoka."

Mara tukavutwa kwa nyuma. Nikageuka. Shangazi yangu Hilaria alikuwa ameushika mkia wa ndege kwa mikono yote miwili, visigino vimechimba ardhi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mnakwenda wapi hamjala?"

"Kwa Longino."

"Longino yupo, hatoroki. Kaeni kwanza."

Nikakanyaga zaidi. Akavuta zaidi. Kadiri nilivyokazana ndivyo naye alivyokazana.

"Wa tatu," ndege ilisema, imebana meno. "Ukinzani. Ni hewa isiyopenda kupasuliwa. Ukimsukuma kwa nguvu anakushika kwa nguvu."

"Jikunje, mwanangu," shangazi akaniambia kwa huruma. "Viwiko ndani. Ukijitanua hivyo napata pengi pa kushika."

Nikabana viwiko. Akaanza kuburutwa, viatu vikamtoka, lakini hakuachia.

"Na wa nne?"

"Wa nne ni Mwinuo. Huyo hutamwona. Tazama bawa langu. Limepinda mgongoni, na mbele limeinuka kidogo. Hewa ikipita juu inakwenda mbio, kwa hiyo inalikandamiza kidogo tu. Inayopita chini inalikandamiza zaidi. Tena bawa lenyewe linaitupa hewa chini, na hewa nayo inalirudisha bawa juu. Hakuna anayepanda hapa bila kusukuma kitu chini."

"Hata watu?"

"Mimi najua habari za ndege tu."

Tukakimbia. Majani yaligonga tumbo la ndege, ng'ombe wakatutazama kama wakaguzi. Nikakanyaga mpaka magoti yakalia. Mwisho wa uwanja ukafika, bonde likafunguka mbele yetu, na hatukuinuka hata kidogo. Ndege ikasimama gurudumu moja likiwa hewani.

"Tumekimbia na upepo mgongoni," ilisema. "Tuna mbio kwa majani, lakini kwa hewa hatuna. Mwinuo anahesabu hewa tu."

"Ningejuaje upepo unatoka wapi?"

Uzito aliacha kutafuna. Wote watatu, yeye na ndege na shangazi aliyekuwa akipumua huko mkiani, waligeuka wakaitazama nguzo.

Tukageuza. Safari hii upepo ulinipiga usoni, wa baridi, wenye harufu ya majani yaliyofyekwa. Siku arobaini hakuna aliyefyeka pale. Nakanyaga. Shangazi anavuta. Halafu majani yanaacha kugonga.

Hivyo tu. Hakukuwa na sauti wala mtu. Majani yaliacha kugonga, nikajua Mwinuo amefika.

Tulipopita wingu la kwanza tukawa kanisani.

Ndege ilikuwa inaruka katikati ya mabenchi, polepole, bawa moja upande wa wanaume na jingine upande wa wanawake. Ilikuwa misa ya maziko. Katekista Eusebi alikuwa amesimama mbele ya jeneza anasoma wasifu wa marehemu. Karatasi niliitambua. Wasifu ule niliuandika mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma na mwandiko wangu unasomeka.

"Marehemu aliugua ghafla," anasoma Eusebi. "Sista aliita ndege kwa redio. Ndege ilikuja, ikazunguka mara tatu, haikutua, kwa sababu..."

Akaacha. Akaigeuza karatasi nyuma, akaona hakuna kitu.

"Mama Gaudensia, hapa pamefutika. Kwa sababu gani?"

Watu wote wakanigeukia. Kwenye bawa la kulia hewa ilikuwa imeketi kwa mistari, kama waombolezaji wa kawaida, imekunja mikono.

"Kwa sababu upepo ulikuwa umeuchukua mfuko," nikasema. Ndivyo nilivyoandika. Ndivyo ilivyosomwa siku ile mbele ya jeneza la kaka yangu, na watu wakaitikia kwa kichwa.

Pua ya ndege ikaanza kupanda. Ikapanda mpaka nikaona dari ya kanisa, kisha juu ya dari. Hewa iliyokuwa bawani ikatazamana, ikasimama, ikaanza kuondoka mstari mmoja baada ya mwingine, kama watu waliosikia chakula kimekwisha.

"Inakwenda wapi?" nikauliza.

"Pua ikipanda kupita kiasi, hewa haiwezi tena kulifuata bawa," ndege ilisema. "Inaachana nalo. Tunaanguka."

Uzito aliweka sahani chini na kujifuta mikono. "Samahani," alisema.

"Shusha pua!" ndege ikapiga kelele.

"Tukishusha si ndiyo tutaanguka kabisa?"

"Kila mtu anafikiri hivyo! Shusha!"

Naanguka. Mabenchi yanapita, mishumaa inapita, jeneza linapita na vumbi lake. Eusebi bado amenyoosha karatasi, anasubiri, kwa sababu ni mtu mvumilivu.

"Niliutoa mimi," nikasema. "Ulikuwa umepasuka mdomoni. Longino alikuwa akiulalamikia mwezi mzima. Asubuhi ile niliupandia ngazi nikaushusha niushone, nimfurahishe."

Pua ikashuka. Hewa ikarudi, ikapangusa bawa, ikakaa. Eusebi akachukua kalamu sikioni, akaandika, akaendelea kusoma habari za watoto aliowaacha marehemu.

"Bado una kilo thelathini," Uzito aliniambia sikioni. "Nazihisi."

Kanisa liliisha tukatokea juu ya mawingu. Kulikuwa kweupe na tambarare, na mbele kidogo mtu alikuwa amevua shati anafyeka wingu. Fyekeo linakwenda kushoto, linakwenda kulia. Alikuwa amefyeka kipande kirefu, kimenyooka, cha kutosha ndege kutua. Mgongo wake niliujua.

Tulitua. Nikashuka. Alinitazama, akaegemea fyekeo.

"Umekuja na viatu vya kanisani," alisema Longino. "Kuna umande."

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Umepimwa?"

"Nimepimwa."

"Nani ameshika mizani?"

"Hakuna. Inajisemea."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayesikia nyumba yake inavuja. Pengo lake la meno ya mbele lilikuwa pale pale. Nilitaka kumshika mkono, lakini kati yetu kulikuwa na mstari wa majani ya wingu ambayo hajayafyeka, na nilijua siruhusiwi kukanyaga.

"Longino. Ulimwambia Sista, 'Mwambieni Gaude.' Waniambie nini?"

"Hawakukuambia?"

"Maumivu yalikukata. Hukumalizia."

"Aa." Akafikiri. "Mwambieni Gaude alete mfuko."

Nikasubiri.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu. Wewe ulitaka nini?"

Akaendelea kwa sauti yake ile ya kawaida, kama anayepanga kazi za kesho.

"Nilikuwa nimelala barazani pa zahanati. Nikasikia ndege imezunguka mara moja, ikazunguka mara mbili. Katikati nikasikia cherehani yako. Ina kelele ile, nilikuambia uitie mafuta. Nikajua mfuko uko wapi. Ndipo nikasema."

Hapo neno likanipanda kooni. Lilikuwa na kona. Nikalitoa.

"Nilisikia," nikasema.

Longino akayaangalia makali ya fyekeo.

"Mara mbili za kwanza sikusikia, kwa sababu ya cherehani. Ya tatu nilisikia. Nikadhani ndiyo ya kwanza. Rubani huzunguka mara tatu ng'ombe wasogee, ulinifundisha mwenyewe. Nikajiambia, bado ninazo mbili, nimalize mdomo. Sikuinuka, kaka. Nilisikia na sikuinuka. Nilipotoka nje ilikuwa imeshavuka mlima."

Upepo ukapita. Nyuma yangu ndege ilijifunga khanga yake upya, ikatazama pembeni kwa heshima.

"Ningeinuka," nikamwuliza, "ungepona?"

"Hilo halikupimwa," alisema Longino.

Nilitegemea aongeze kitu. Alilijaribu fyekeo kwa kidole gumba, akaona limekuwa butu.

"Ulimaliza?"

"Nini?"

"Mdomo."

"Bado. Palibaki kama upana wa kiganja. Nimeuweka sandukuni chini ya kitanda. Sijaugusa tena."

"Siku arobaini?"

"Siku arobaini."

"Na mke wa Fridolini, yule mwenye mimba ya mapacha? Akizidiwa atatolewaje hapa?"

Hilo nililijua. Kila asubuhi nampitia yule mama kisimani, kila asubuhi namsalimu, na tumbo lake linanitangulia kuitikia.

"Lete," alisema Longino, akanyoosha mkono.

Mfuko ulikuwa mikononi mwangu. Sijui ulifikaje. Akachomoa sindano ya magunia kwenye mkanda wa suruali, ile anayoshonea kila kitu, na uzi wa katani. Akakaa kwenye wingu, akaanza. Alishona vibaya kama siku zote, mishono mirefu, mmoja huku mwingine kule.

"Utaniharibia," nikamwambia. "Mimi nimetumia uzi wa chungwa."

"Rubani haangalii uzi."

Akafunga fundo lile lake la kamba ya ng'ombe. Akainamisha kichwa, akakata uzi kwa meno ya pembeni. Mkasi hajawahi kuwa nao.

"Sasa ujumbe umekufika," alisema. "Nenda. Na ushuke ukiukabili upepo."

Nikageuka kumwuliza kama nitamwona tena. Alikuwa ameshanipa mgongo, anafyeka. Kushoto, kulia.

Ndege ilikuwa imeshawasha cherehani yenyewe. Uzito alinishikia mlango.

"Mwepesi," alisema, kama mtu aliyepoteza kitu kidogo.

Niliamka kukiwa kumekucha. Jogoo wa Eusebi alikuwa ameshamaliza kuwika na watoto wa Longino walikuwa wanawasha moto jikoni. Kisha nikapiga magoti, nikalivuta sanduku la bati.

Lilikuwa limefungwa kwa kufuli kama nilivyoliacha, na ufunguo ninao mimi, shingoni. Mfuko ulikuwa umekunjwa mara nne, kama nilivyoukunja. Nikautandaza magotini. Mshono wangu wa chungwa ulizunguka mdomo mpaka pale nilipoacha Alhamisi ile. Kuanzia hapo, upana wa kiganja, palikuwa pameshonwa kwa uzi wa katani, mishono mirefu, mmoja huku mwingine kule. Mwishoni kulikuwa na fundo la kamba ya ng'ombe.

Ncha ya uzi haikukatwa kwa mkasi. Ilikuwa imetafunwa, na nilipoigusa ilikuwa bado na mate.

Nimeandika haya kabla haijakauka. Sasa naenda kwa Sista Deodata kumwambia neno moja, na kuazima ngazi.